Kumpima mkata mkonge kabla hajarudi shambani

Mkata mkonge aliyeumia au kuugua akiletwa umpime kama anaweza kurudi kazini, barua ya mwajiri mara nyingi husema tu "kibarua wa shamba". Kwa maneno hayo huwezi kumpima mtu. Kabla ya kushika goniomita, kipimo cha pembe za viungo, mwombe akuonyeshe anavyokata: kisu kiko mkono upi, anainama kiasi gani kulifikia jani la chini, mzigo anaubeba begani au kichwani, umbali gani hadi barabarani. Ikiwezekana nenda shambani kwenyewe, Muheza au Korogwe, na mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki, upime mzigo mmoja uliokwisha fungwa. Kisha gawa siku ya saa 8: kinachochukua chini ya saa 2 na dakika 40 ni cha mara chache, hadi saa 5 na dakika 20 ni cha mara kwa mara, zaidi ya hapo ni cha muda wote.

Mpime asubuhi, joto la Tanga halijapanda. Presha ikiwa 160/100 au zaidi, kunyanyua kuahirishwe. Mgonjwa wa mgongo akisema anahisi ganzi katikati ya mapaja au mkojo unamponyoka, acha kila kitu. Aonwe na daktari siku hiyohiyo.

Nguvu ya kiganja: akae, mkono ubane ubavuni, kiwiko nyuzi 90, abane dainamomita (kifaa cha kupimia nguvu ya kubana) mara tatu kila mkono kwa kupokezana, uchukue wastani. Makosa ya kawaida ni kiwiko kuegemea meza, au mpini kuwekwa tundu tofauti na la kipimo cha mwezi uliopita. Hapo namba hazilinganishiki. Ukipata kilo 30, 18, 27, usikimbilie kuandika kwamba anajifanya. Muulize kwanza kama kidole kiliuma kwenye ile ya pili, au hakuelewa abane hadi mwisho.

Kunyanyua ndiko kunakotaka utulivu. Vyuma vya mazoezi vina mpini mzuri; mzigo wa mkonge hauna. Tumia kiroba cha mchanga, naye avae buti na glavu zake. Anza na kilo 5, kutoka sakafuni hadi kiunoni, mara nne, apumzike dakika moja, ongeza kilo mbili na nusu. Simamisha akianza kuurusha mzigo kwa nyonga, akisema basi, au mapigo yakifika asilimia 85 ya 220 ukitoa umri wake: mwenye miaka 40 ni 153. Anayetumia atenolo, dawa ya presha, mapigo yake hayapandi ipasavyo, kwa hiyo mwulize amechoka kiasi gani, sifuri hadi kumi. Andika pia kilichomsimamisha: maumivu, nguvu kuisha, au woga. Kila kimoja kina tiba yake, na kilo peke yake haikwambii ni kipi.

"Yuko fiti" haimsaidii mwajiri wala WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Andika kazi inataka kilo ngapi, yeye anaweza ngapi na kwa muda gani, na pengo lijazwe vipi: mizigo midogo, wiki chache za nusu siku, au kuhamia kwenye kuanika singa, yaani nyuzi za mkonge. Kwenye brashi, mashine ya kusafishia singa, usimpeleke mwenye pumu. Vumbi ni jingi.

Ripoti usiisaini siku hiyo. Mpigie simu kesho yake asubuhi. Kama kuinuka kitandani kumemshinda, kilo ulizoandika jana ni nyingi mno. Zipunguze, umpime tena.