SOMO: Kukusanya majarida ya katuni na riwaya za upelelezi za zamani bila kuziua (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila wiki napata ujumbe uleule: "Nimekuta Sani za zamani kwenye boksi la marehemu baba, nifanye nini?" Naandika mara moja, hapa, kwa ukamilifu. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili.

Nazungumzia karatasi zetu: majarida ya katuni ya Sani ya miaka ya 1980 yenye akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, Film Tanzania, zile African Film za Lance Spearman (Spear), jarida la Joe la Nairobi, vipande vya katuni ya Chakubanga vilivyokatwa kwenye gazeti la Uhuru na vya Juha Kalulu kutoka gazeti la Taifa Leo. Pamoja nazo, riwaya za mfukoni za wapelelezi Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango. Nyingi ziliishia kufungia karanga na maandazi, ndiyo maana zilizobaki ni chache.

Hatua ya 1. Chagua eneo moja. Anayekusanya kila kitu hujaza chumba tu.

Hatua ya 2. Tafuta kwa wachuuzi wa vitabu vya mitumba wanaopanga barabarani, kwa wanunuzi wa karatasi chakavu, na kwa walimu wastaafu. Hawa wa mwisho ndio wenye hazina, na wengi watakupa bure ukienda kwa adabu na ukakaa kuwasikiliza.

Hatua ya 3. Kagua kabla ya kutoa pesa. Jarida lililofungwa kwa pini katikati limetengenezwa kwa karatasi zilizokunjwa, na kila karatasi ikikunjwa inatoa kurasa nne. Kwa hiyo jumla ya kurasa, ukihesabu na jalada, lazima igawanyike kwa nne. Isipogawanyika, kuna kilichochomoka. Ikigawanyika, bado fungua katikati: karatasi ya kati hutoka nzima na kuondoka na kurasa nne kwa mpigo, kwa hiyo fuata namba za kurasa hadithi isije ikaruka.

Kwa riwaya, nenda kwenye ukurasa wa taarifa za uchapaji, usiishie kwenye jalada. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilitoka 1960 kwa East African Literature Bureau. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikimiliki shirika hilo, ilipovunjika 1977, upande wa Kenya likazaliwa jina la Kenya Literature Bureau. Ukiona jina hilo la pili, mkononi una chapa ya baadaye, hata kama muuzaji ataapa kwamba ni ya 1960. Tazama na namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho ya kitabu: tarakimu 13 zilianza kutumika 2007, kabla ya hapo zilikuwa 10, na kitabu cha 1960 hakina kabisa. Mtu asikuuzie Kufa na Kupona ya Elvis Musiba yenye tarakimu 13 kwa bei ya chapa ya 1974. Kusoma itasomeka vizuri, bei tu ndiyo iwe ya haki.

Hatua ya 4. USIREKEBISHE. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo nakala nyingi zinapokufa mikononi mwa watu wanaozipenda.

Selotepu ni sumu. Siku ya kwanza inaonekana imeokoa ukurasa. Miaka ikipita gundi yake inageuka njano, inalainika, inazama ndani ya karatasi mpaka maandishi ya upande wa pili yanaonekana, kisha plastiki inabanduka yenyewe na kuacha alama ya kahawia isiyotoka. Kulamineti ni kubaya zaidi. Ile mashine ya dukani inayeyusha gundi ya plastiki kwa joto hadi ndani ya nyuzi za karatasi, na hakuna namna ya kurudi nyuma. Halafu karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa mbao iliyosagwa bila kuondolewa ule utomvu mgumu unaoshikilia nyuzi. Huo ndio unaoifanya ipige njano na kuzalisha asidi inayoila. Ukiilamineti umeifungia ndani pamoja na asidi yake.

Onyo la pili: usipeleke majarida kwa fundi wa kujalidi ili "ayaunganishe yawe kitabu". Atayakata pande tatu kwa mashine ili yalingane, na tarehe, namba ya toleo na ukingo wa michoro vitaondoka na vipande vya chini. Nimeona mkusanyiko mzima umefanyiwa hivyo, na leo hakuna anayeweza kusema lipi lilitoka mwezi gani.

Onyo la tatu: usianike juani. Najua ndivyo tunavyofanya na kila kilichopata unyevu. Jua linafifisha wino na kuharakisha ule unjano. Anika kivulini penye upepo. Ukungu mkavu uuondoe nje ya nyumba kwa brashi laini, umefunika pua na mdomo.

Pini zenye kutu ziache zilivyo, isipokuwa kama zinakata karatasi.

Hatua ya 5. Kuhifadhi. Kila nakala kwenye mfuko wake wa plastiki ngumu inayong'aa ya polipropilini, nyuma yake kipande cha kadi nyeupe, kisha zisimamishwe ndani ya boksi kama mafaili, zisilegee wala zisibanane. Epuka plastiki laini yenye harufu kali kama ya pazia la bafuni. Hiyo ni PVC, hutoa kemikali na hunata kwenye wino. Boksi lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta wa nje. Walio Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, unyevu ndio adui yenu mkubwa: acheni midomo ya mifuko wazi, weka ndani ya boksi vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, na vibadilisheni.

Hatua ya 6. Andika daftari: nini, toleo gani, ulipata wapi, lini, kwa bei gani.

Hatua ya 7. Soma maisha ya mwandishi. Wengi wanairuka, na mimi naiona ndiyo nusu ya kazi. Chora safu mbili kwenye karatasi: kushoto miaka ya maisha yake, kulia miaka ya vitabu vyake.

Mfano ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa 1918 Makunduchi. Kabla ya uandishi wa habari alifanya kazi ya ukaguzi wa afya, kisha 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kuanzia 1958 hadi alipostaafu 1968 alihariri jarida la Mkulima. Hadithi ya kwanza ya Bwana Msa, ile Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, ilishinda shindano la uandishi la 1957 na 1958 la East African Literature Bureau. Sasa tazama safu ya kulia: Kisima cha Giningi ilitoka 1968, halafu vitabu vinamiminika, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Vinafuatana baada ya kustaafu. Unapozipanga nakala zako ukijua hilo, unaelewa kwa nini kati ya kitabu cha kwanza na cha pili kuna pengo kubwa: mtu alikuwa na jarida la kuhariri. Na ukikumbuka kazi ya mkaguzi wa afya, ya kuingia nyumba za watu na kutazama kila pembe, unamsoma Bwana Msa na kiko chake kwa jicho jingine. Hiyo ni tafsiri yangu, lakini nisingeifikia kwa kutazama majalada.

Mwingine ni Ben Mtobwa, aliyemuumba Joram Kiango. Alikuwa mwandishi wa habari, akaanzisha Heko Publishers yake mwenyewe, akafariki 2008. Ukijua hivyo, jina Heko kwenye jalada la kitabu chake linakuambia kwamba mwandishi na mchapishaji ni mtu mmoja. Naye Elvis Musiba wa Willy Gamba aliongoza chemba ya wafanyabiashara nchini, TCCIA. Alikuwa anaandika ujasusi wakati Dar es Salaam ni makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), na mji ule umo ndani ya kurasa zake.

Na wachoraji je? Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji wa mwanzo wa Sani, alifariki 1986 akiwa kijana kabisa. Wahusika waliendelea kwa mikono mingine. Linganisha mistari ya kabla na ya baada, utaona mwenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Dodoma: Mkuu, naomba PDF za Willy Gamba zote.

Jibu: Sina za kugawa. Hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na Musiba alifariki 2010. Familia yake ina haki. Nunua.

Mwanachama wa Morogoro: Nina Sani kumi na kitu, zote nimezilamineti ili zidumu. Zina thamani gani?

Jibu: Soma Hatua ya 4. Zisome na watoto wako, usiziuze kama nakala za kuhifadhi.

Mwanachama wa Morogoro: Lakini zinaonekana mpya kabisa mkuu, labda mashine zenu ndiyo mbaya.

Jibu: Ndugu, shida si mashine. Jaribu kuutoa ukurasa mmoja bila kuuchana, kisha turudi kwenye mjadala.

Mwanachama wa Unguja: Shikamoo mwalimu. Mimi nasoma fasihi. Waandishi wengi niliowapata hawana kitabu cha maisha yao hata kimoja. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, binti yangu, swali zuri sana. Anza na vitabu vyenyewe: jalada la nyuma, dibaji, na ukurasa wa kutabaruku. Waandishi wetu hutaja pale mke, mji na mwajiri. Kisha nenda kwenye magazeti ya wiki alipofariki, maana taazia hutaja shule, kazi na ndugu. Uko Unguja, kwa hiyo Nyaraka za Taifa pale Kilimani zipo karibu nawe; ukifika Dar, omba kuona mkusanyo wa Afrika Mashariki kwenye maktaba ya Chuo Kikuu. Baada ya hapo tafuta watu waliofanya kazi naye, wapiga chapa na wahariri wenzake. Warekodi kwa simu, useme tarehe na jina la mzungumzaji mwanzoni mwa rekodi. Usiandike "inasemekana". Andika nani kasema. Wazee hawa wanaondoka, kwa hiyo anza na mkubwa kuliko wote. Ukikwama niandikie, nitakusaidia kupanga maswali.

Mwanachama wa Arusha: Kwenye bando la mitumba nimepata Action Comics namba 1, Superman anabeba gari, imeandikwa 1938. Nimesikia ni mamilioni ya dola. Nimpelekee nani?

Jibu: Ipime kwanza. Ya kweli ina upana wa sentimita 20 hivi. Mwaka 1974 wachapishaji wenyewe walitoa nakala kubwa ya kumbukumbu, yenye jalada lake la nje linaloeleza hivyo. Jalada hilo likichanwa, kilichobaki ndani kinafanana na cha 1938, ila kimezidi ukubwa. Ya kweli iliuzwa dola milioni 3.2 mwaka 2014, kwa hiyo naelewa moyo unavyodunda.

Mwanachama wa Arusha: Ina sentimita 26 mkuu.

Jibu: Basi ni ya 1974. Itunze, nayo ina umri wake.

Mwanachama wa Mombasa: Spear mbona haina jina la mchoraji? Nimetafuta kila ukurasa.

Jibu: Kwa sababu haikuchorwa, kaka. Zile ni picha za kamera zilizopangwa kama katuni. African Film ilitolewa na wale wa jarida la Drum, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, na aliyekuwa Lance Spearman mwenyewe ni Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Kwa hiyo kwenye daftari lako badili safu ya "mchoraji" iwe "mwigizaji". Film Tanzania nayo ni ya mtindo huohuo wa picha, na Faraji Katalambulla aliyekuwa nyuma yake ndiye yuleyule wa Simu ya Kifo ya 1965. Ukizipata zote mbili, ziweke boksi moja.

Mwanachama wa Kisumu: Mimi nina Lwanda Magere ya ule mfululizo wa katuni wa Pichadithi, ina matundu ya wadudu. Nipulize dawa?

Jibu: Usipulize chochote kwenye karatasi. Ifunge ndani ya mifuko miwili isiyopitisha hewa, iweke kwenye friza wiki mbili. Ukiitoa, usifungue siku nzima, la sivyo jasho la ubaridi litailowesha.

Mwanachama wa Kisumu: Na harufu ya stoo?

Mwanachama wa Tanga: Naomba niingilie. Mimi naweka mkaa mkavu kwenye bakuli ndani ya ndoo yenye mfuniko, chini kabisa, vitabu juu ya waya visiguse mkaa, wiki kadhaa. Harufu inakwisha.

Jibu: Ahsante dada, ni njia nzuri. Mkaa uwe mkavu kweli na bakuli lifunikwe kitambaa chepesi, maana vumbi lake likishika karatasi halitoki.

Mwanachama wa Nakuru: Tukiwa hapohapo kwenye maisha ya waandishi, James Hadley Chase tuliyemsoma wote sekondari, alikuwa Mmarekani wa mji gani?

Jibu: Hakuwa Mmarekani. Jina lake ni René Brabazon Raymond, Mwingereza aliyezaliwa London 1906, aliyefanya kazi kwenye biashara ya vitabu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1939, na ile Marekani yake aliijenga kwa ramani na kamusi za lugha ya mitaani. Alifariki Uswisi 1985. Mfanyie safu mbili, kisha umsome Willy Gamba, utaona nani alikuwa anaandika mji anaoujua.

Mwanachama wa Dodoma: Kwa hiyo PDF hakuna kabisa?

Jibu: Hakuna.

Mwanachama wa Unguja: Mwalimu, swali la mwisho. Naandika namba ya nakala wapi, juu ya jalada?

Jibu: Hapana. Penseli laini, herufi ndogo, pembe ya ndani ya ukurasa wa mwisho. Kalamu ya wino usiisogeze kabisa. Na kabla ya kuandika, weka kadi ngumu chini ya ukurasa huo ili mkandamizo wa penseli usitokee upande wa pili.