Kabla hujanunua prosesa ya kompyuta ya mtumba, angalia bodi yako (madabodi) kwanza

Jamani msinunue prosesa kwa kuambiwa tu "hii inaingia". Mimi nilikuwa na bodi ya Intel aina ya H110 hapa Ngamiani, Tanga, nikapata prosesa ya Intel i7-8700 (jenesheni ya 8) bei ya kutupa, soketi, yaani pale prosesa inapokaa, ni LGA1151 kama yangu, ikakaa vizuri kabisa nikawasha, feni inazunguka, skrini giza totoro. Kumbe Intel jenesheni ya 8 hazikubali bodi za jenesheni ya 6 na 7 hata soketi ikiwa na jina lile lile! H110 mwisho wake jenesheni ya 7 kama i7-7700, nayo hiyo huenda hadi uapdeti bayosi (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta).

Kwa hiyo bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, soma pale kwenye BaseBoard Product, hilo ndo jina la bodi. Ingia saiti ya waliotengeneza bodi utafute listi ya prosesa zinazokubalika pamoja na vashen ya bayosi inayotakiwa. Wa AMD, wapinzani wa Intel, wenye bodi ya B450 mnaweza kuweka prosesa za Ryzen 5000, ila apdeti bayosi prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, ukiweka mpya kwanza huenda isiwake. Prosesa za AM5 (soketi mpya zaidi ya AMD) sahau, zile zinataka bodi mpya na ramu za DDR5.

Ukifungua, AM4 (soketi ya hiyo B450) pini ziko chini ya prosesa yenyewe, LGA kama hiyo 1151 ziko kwenye bodi, usiguse kwa kidole wallahi. Pesti ya kupitisha joto, ile ya kupaka juu ya prosesa, kiasi cha punje ya dengu inatosha.