Mambo ya kuzingatia kabla ya kumtibu paka ambaye tezi yake ya thairoidi imezidisha kazi

Paka aliyevuka miaka 10, anayekula kwa pupa huku akikonda na kulialia usiku, apimwe damu kwanza, kwa kuwa kisukari na minyoo humkondesha vilevile. Homoni ya T4, inayotolewa na tezi ya thairoidi iliyo shingoni, ikiwa juu, tezi hiyo ndiyo ya kushukiwa. Shinikizo la damu nalo lipimwe, maana likipanda sana humpofusha ghafla.

Figo zipimwe kabla ya kidonge cha kwanza, na zipimwe tena wiki chache baada ya hapo. Homoni hiyo ikizidi, damu hupita kwenye figo kwa nguvu, hivyo figo zilizochakaa huonekana nzima katika vipimo, na ugonjwa wake hujitokeza tezi inapotulizwa. Mama mmoja, jirani yangu huku Leicester, hakuelezwa hayo. Paka wake alipoanza vidonge alinenepa kidogo, tukafurahi. Kisha mchanga wa sanduku lake la haja ukawa unakutwa asubuhi umelowa chepechepe, naye akawa hatoki kwenye bakuli la maji, na samaki ambaye zamani alikuwa akimpokonya mama huyo mkononi, sasa akawa anamnusa tu na kugeuka. Damu ilipopimwa, kreatinini, taka ambayo figo huiondoa kwenye damu, ilikuwa imepanda. Yule mama akaamini kwamba dawa imeua figo, akaikatiza kimyakimya, na moyo wa paka ukarudi kwenda mbio. Kilichohitajika ni kipimo kidogo zaidi cha dawa pamoja na uangalizi wa figo, na ndicho alichopewa hatimaye.

Kwa sababu hiyo napendelea kuanza na vidonge vya kutuliza tezi, methimazoli au kabimazoli, ambavyo vinaweza kupunguzwa, kabla ya upasuaji wa kuondoa tezi au iodini yenye mionzi ya kuiharibu, ambayo huponya paka wengi kwa sindano moja lakini hairudishwi nyuma.

Ukichagua iodini yenye mionzi, jiandae kutengana naye kwa siku kadhaa au zaidi, na fuata maagizo ya kituo kuhusu kinyesi chake. Ukichagua chakula chenye iodini kidogo, ambayo tezi huihitaji kutengeneza homoni, asionje kingine chochote, hata makombo. Vidonge visipondwe, na mjamzito asivishike bila glavu. Paka akijikuna uso hadi vidonda, akitapika mfululizo au ufizi wake ukigeuka njano, usimpe kidonge kinachofuata kabla ya kuzungumza na daktari siku hiyohiyo. Dawa ya tezi ya binadamu iliyomo kabatini usimpe kabisa.