Somo: Kukaa macho na kuongea na mnara wa kuongozea ndege ukiruka uwanja wa Wilson, Nairobi

Hili ni la wanafunzi wanaokaribia kuruka peke yao. Anga ya Wilson ni finyu: uwanja mkubwa wa kimataifa, JKIA, uko upande wa mashariki, kambi ya jeshi ya Eastleigh haiko mbali, na ndege za watalii za kwenda Mara zinatumia uwanja uleule wetu. Tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya abiria na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi. Dash 8 ilirudi Wilson salama. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki.

1. Sikiliza kwanza. Ukibonyeza kitufe mwenzako akiongea, wengine wanasikia mlio tu. Kwenye uwanja wa kisiwa cha Tenerife, 27 Machi 1977, jumbe mbili zilipandana hivyo wakati Boeing 747 moja ilikuwa imeanza kukimbia ili iruke bila ruhusa, ikagonga 747 nyingine. Walikufa watu 583.

2. Taja unayemwita, jina la ndege yako, ulipo, futi zako, unachotaka. Ukipewa maagizo, yarudie: njia ya kurukia, urefu, namba za transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwa rada). "Roja" (nimepokea) peke yake haimwambii muongozaji umesikia nini.

3. Saa. Mnara hukuonyesha ndege nyingine iko upande gani kwa tarakimu za uso wa saa. Hapa ndipo sisi Waswahili tunajikwaa. Ukiambiwa kwa Kiingereza kuna ndege "two o'clock", kichwa kinatafsiri haraka "saa nane", shingo inageuka kwenye 8, nyuma kushoto. Nimemwona mwanafunzi akifanya hivyo, naye ni mtu makini kabisa. Pua ya ndege ni 12, kwa hiyo tazama ilipo tarakimu 2, mbele kulia. Usitafsiri.

4. Hujaiona? Sema hujaiona. Ukidai umeiona, muongozaji anaweza kukuachia wewe kazi ya kuikwepa, na pengine ulikuwa unatazama ndege nyingine.

5. Gawanya kioo vipande vidogo, simamisha macho kidogo kwenye kila kimoja. Jicho linalozunguka bila kutua halioni kitu. Ndege inayosogea kwenye kioo itapita zake. Ya kuogopa ni ile inayokaa palepale kama mdudu aliyegandia, inakua tu. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja akate kulia.

Maswali ya wanachama

Kamau: Transponda si inatosha?
Jibu: Iwashe, na ihakikishe inatuma urefu. Bila urefu, mtambo wa TCAS, wa kuzuia ndege kugongana, kwenye ndege kubwa hauwezi kumwambia rubani wake apande au ashuke. Cessna nyingi za mafunzo hazina mtambo huo, kwa hiyo wewe unaonekana lakini huoni.

Achieng: Redio ikifa hewani?
Jibu: Kagua kwanza sauti na plagi ya hedifoni, mara nyingi ni hizo. Ikigoma, weka 7600 kwenye transponda, namba ya kusema redio imekufa, na utazame taa za mnara. Kijani isiyopepesa, tua. Nyekundu isiyopepesa, pisha wengine, endelea kuzunguka.

Mwanafunzi wa Rongai: Mnara ukiwa na shughuli nyingi naona haya kuomba warudie.
Jibu: Omba tu, ndugu yangu. Asubuhi moja niliomba mara tatu. Mara ya tatu mama wa mnarani alitamka neno moja moja, kisha akaniweka nyuma ya ndege aina ya Caravan, nikatua.