Kumleta mbwa au paka kliniki: maandalizi yanayoanzia nyumbani

Oktoba moja, saa saba mchana, bodaboda alisimama mbele ya kliniki yetu hapa Dodoma akiwa na kiroba kilichofungwa mdomo kwa kamba. Ndani yake kulikuwa na mbwa dume wa miaka miwili, mlinzi wa nyumba moja huko Nkuhungu. Hakuwa mgonjwa, alikuwa analetwa kuchanjwa tu. Nilipompima, kipimajoto kilisoma 42. Tulimmwagia maji, tukampepea, tukamtundikia dripu. Alasiri haikumkuta. Mwenye mbwa alibaki amekishika kile kiroba, ananiambia, "Daktari, asubuhi alikuwa mzima kabisa." Alisema kweli. Kilichomuua mbwa wake ni safari.

Mbwa wengi wa mji huu wanafugwa kwa ajili ya ulinzi. Mchana wamefungiwa bandani, usiku wanaachiwa, na hawajawahi kuvuka geti. Siku wanayougua ndiyo siku wanayokutana na kamba, bajaji, meza ya chuma na mtu mwenye sindano, vyote kwa mara moja. Hatua zifuatazo nawaeleza wateja wangu mmoja mmoja kila wiki. Ukiweza, anza wiki mbili kabla ya tarehe ya chanjo.

Hatua ya 1: Hakikisha mnyama wako ni wa kuletwa

Yupo mbwa ambaye hupaswi kumgusa. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate mfululizo, taya limelegea, sauti imekauka, anang'ata mawe na vijiti au anakimbia bila mwelekeo, mfikirie kichaa cha mbwa kabla ya kitu kingine. Kosa linalonitisha kuliko yote ni hili: mtu anaona mbwa hawezi kumeza, anasema "mfupa umemkwama", anaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Mate yale ndiyo yanayobeba virusi, na mchubuko mdogo kidoleni unatosha kuvipitisha.

Mfungie alipo, waondoe watoto, kisha mpigie daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata aje yeye. Kama ameshamng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Mbwa mwenyewe msimuue haraka kama anaweza kufungiwa salama, kwa sababu kumwangalia kwa siku 10 kunatusaidia kujua kama alikuwa anatoa virusi siku aliyong'ata.

Hatua ya 2: Mzoeshe kamba na mikono

Mvalishe mkanda wa shingoni wakati wa kula, uache kwa nusu saa, uuvue. Mkanda uache nafasi ya vidole viwili. Siku ya tatu au ya nne, funga kamba na umwache aiburute uani. Baadaye ishike wewe, tembea naye hadi getini, mpe dagaa mmoja, rudini. Usimvute. Mbwa anayevutwa hujifunza kwamba kamba ni ugomvi.

Kila siku mguse masikio, inua mdomo wa juu uone fizi, shika nyayo moja moja. Mbwa aliyezoea kushikwa hivi na watu wa nyumbani, mimi namchunguza kwa dakika tano. Asiyezoea, tunamshika watu watatu, na moyo wake unadunda kwa woga kiasi kwamba nikiusikiliza sijui nasikia ugonjwa au hofu.

Kwa paka, chukua tenga la kusafirishia kuku, lile la fito. Weka kitambaa chenye harufu ya mahali anapolala, liache wazi sebuleni au jikoni hadi aingie mwenyewe. Siku ya safari, funga mlango wa tenga na ulifunike kwa khanga. Paka asiyeona barabara hutulia. Usimbebe mikononi. Ikipita pikipiki yenye kelele atakuparura na kuruka, na wengine hawaonekani tena.

Hatua ya 3: Mlete anayemlisha

Hapa ndipo tunapopoteza muda mwingi. Mwenye nyumba anafika kutoka kazini Mtumba, namuuliza mbwa ameacha kula lini, anampigia dada wa kazi. Namuuliza choo kikoje, anampigia mlinzi. Mlinzi naye yuko zamu ya usiku, mchana amelala. Kama dada au mlinzi ndiye anayempa chakula, yeye ndiye wa kuja, hata kama mwenye hela ni wewe. Mtoto wa shule asitumwe peke yake na mbwa mgonjwa.

Kabla ya kutoka, andika kwenye karatasi au kwenye simu: siku alipoanza kuugua, chakula alichokula mara ya mwisho, ametapika au ameharisha mara ngapi, na kama kuna damu. Akipata degedege au akichechemea, mrekodi video. Wengi wakifika kliniki hutembea vizuri kabisa kwa sababu ya hofu. Kinyesi kibichi kiasi cha kijiko kimoja, kwenye kopo safi lenye mfuniko, kina thamani kubwa kwangu kuliko maelezo ya nusu saa.

Hesabu pumzi akiwa amelala: tazama ubavu unavyopanda kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Mbwa mzima aliyetulia huwa kati ya 10 na 30 kwa dakika. Angalia fizi pia. Zikiwa za waridi ni vizuri. Zikiwa nyeupe kama karatasi, au za njano, usisubiri kesho; hasa kama ana kupe wengi au anatokwa damu puani, kwa sababu kupe wa mbwa hupitisha vijidudu vinavyoharibu damu. Joto la mbwa mzima ni kama 38 hadi 39.2, juu kidogo ya letu, kwa hiyo kumshika tumbo na kusema "ana homa" hakutoshi.

Hatua ya 4: Leta dawa zote ulizokwisha mpa

Leta boksi, chupa, hata kipande cha karatasi ya vidonge. Sitakugombeza. Nahitaji kujua kwa sababu dawa ya pili inaweza kugongana na ya kwanza.

Lakini kama bado hujampa kitu, usimpe. Panadol moja ya miligramu 500 inaweza kumuua paka: huharibu damu yake isiweze kubeba oksijeni, fizi zinageuka rangi ya udongo, uso unavimba. Diclofenac na ibuprofen hutoboa tumbo la mbwa na kuumiza figo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ukimmwagia mbwa bila kuizimua kwa kipimo chake, nitampokea akiwa amelegea mwili mzima. Nyingine ambazo mbwa anazivumilia, paka hazivumilii kabisa, kwa hiyo usigawanye chupa moja kati yao.

Chanjo nayo usiinunue dukani na kuja nayo mfukoni. Inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwenye sindano.

Hatua ya 5: Jifunze kumfunga mdomo

Hata mbwa mpole huuma akiwa na maumivu. Chana kitambaa laini cha pamba, upana wa vidole vitatu, urefu wa mita moja na nusu hivi. Kamba ya nailoni inakata ngozi, iache.

Tengeneza kitanzi kikubwa chenye fundo moja lililolegea. Simama ubavuni kwake, usimkabili uso kwa uso. Kipitishe kitanzi puani kizunguke mdomo wote, kikae katikati ya pua na macho, fundo likiwa juu, kisha kaza. Shusha ncha mbili chini ya kidevu, zipishanishe na ukaze tena. Zipeleke nyuma ya masikio na ufunge kama kamba ya kiatu, ili uweze kufungua kwa mvuto mmoja. Fundo la nyuma ya masikio ndilo watu wanalosahau, na bila hilo atakivua kitambaa kwa mguu wa mbele.

Zingatia sana: mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Ukimfunga mdomo kwa kitambaa umemfungia feni yake. Mfunge kwa dakika chache tu, wakati wa kumpandisha kwenye chombo na wakati wa kuchomwa sindano, na usimfunge hivyo njia nzima. Anayetapika, anayepumua kwa shida au mwenye pua fupi hafungwi kabisa. Niambie nikufuate nje.

Hatua ya 6: Safari

Njoo saa moja au saa mbili asubuhi. Kuanzia Septemba hadi mvua za Desemba, jua la Dodoma la saa sita halimfai mnyama aliyebanwa mahali. Kiroba hapana. Buti la gari hapana. Bajaji inafaa kuliko bodaboda: mbwa akae sakafuni miguuni pako, kamba fupi, upepo unampiga. Beba chupa ya maji na bakuli. Usimwache ndani ya gari lililofungwa hata kama umeegesha kivulini kwa dakika kumi, kwa sababu kivuli kinahama na gari linahifadhi joto.

Akianza kuhema kwa nguvu, ulimi mrefu na mwekundu sana, anayumba, simama hapo hapo. Tafuta kivuli, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee kwa khanga au kipande cha boksi, mpe maji anywe kidogo kidogo kama yuko macho. Ukishaanza kumpoza ndipo uendelee na safari.

Kama analetwa kuhasiwa au kufungwa kizazi, asile tangu usiku. Maji anaweza kunywa hadi mnapoondoka. Watoto wadogo wa mbwa na paka hawakai na njaa muda mrefu hivyo, uliza kwanza.

Hatua ya 7: Ukifika

Mwache mnyama nje, ingia wewe kwanza useme amekuja na nini. Mtoto wa mbwa anayeharisha damu na kutapika huwa namhudumia chini ya mwarobaini uani, kwa sababu kama ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha damu watoto wa mbwa, virusi vyake vitabaki sakafuni na kwenye udongo kwa miezi, na watoto wengine wanaokuja kuchanjwa watavichukua. Usimlaze kwenye benchi la wanaosubiri. Paka naye mweke juu, mbali na mbwa, khanga ikiwa imemfunika.

Uliza gharama kabla ya matibabu. Ukisema una kiasi gani, nitakuambia kipi cha lazima leo na kipi kinaweza kusubiri. Ni bora kuliko kukatisha matibabu siku ya pili.

Kabla ya kuondoka hakikisha kadi ya chanjo imeandikwa tarehe ya kurudi. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida tunaanza akifikisha miezi mitatu, kisha inarudiwa kila mwaka. Piga picha kadi hiyo, maana za karatasi huliwa na mchwa.

Hatua ya 8: Mkirudi nyumbani

Kidonge kifiche kwenye tonge la ugali lenye shombo ya dagaa. Mpe kwanza tonge tupu, la pili lenye dawa, la tatu tupu. Atameza la pili akiwahi la tatu. Maliza dozi hata akianza kubweka kama zamani.

Mwenye mshono asiulambe. Chukua ndoo kuukuu ya plastiki inayotosha kichwa, toboa kitako kwa kipimo cha shingo, funika makali kwa kitambaa, mvalishe na uifunge kwenye mkanda wake. Mvue ndoo hiyo wakati wa kula tu, ukimwangalia. Siku 10 hadi 14 mshono utakuwa tayari kutolewa.

Halafu, wiki mbili tatu baadaye, akiwa mzima, mlete asubuhi moja bila sababu. Tutampima uzito, atanusa mlango, nitampa dagaa kwa mkono wangu, na mtarudi nyumbani bila sindano. Hiyo hatutozi.