Ukikuta ndege wa bahari wamekufa kwa wingi ufukweni

Kuanzia Agosti hadi Aprili, fukwe za Kunduchi, Msasani na Kigamboni jijini Dar es Salaam hupokea vitwitwi waliotoka kuzaliana Siberia, kando ya Bahari ya Aktiki. Wanalala na kula pamoja na buabua na shakwe, kwa hiyo maradhi ya ndege wa ncha za dunia yanatuhusu hata sisi wa joto. Ukiona mizoga kadhaa mahali pamoja, usiipite, na usiiguse kwa mikono mitupu.

Ugonjwa wa bakteria unaoogopwa sana huko kaskazini ni kipindupindu cha ndege. Kisababishi chake ni Pasteurella multocida, bakteria huyohuyo wa kipindupindu cha kuku. Hauna undugu na kipindupindu cha binadamu. Kwenye kisiwa kidogo cha Mitivik, kaskazini mwa Hudson Bay nchini Kanada, uligunduliwa mwaka 2005 ukiua bata wa baharini waitwao eida. Jike la eida hulalia mayai siku 25 hivi karibu bila kula, viota vimesongamana, na kisiwani kuna vidimbwi vya maji baridi wanavyovitumia wote. Ndege akifa, ute wa puani na mdomoni umejaa bakteria, na dimbwi lililoupokea linaweza kuambukiza kwa wiki kadhaa. Novemba 2013 ugonjwa huo uliua ndege wa bahari karibu na St. Lawrence Island, Alaska. Kinachoueneza ni msongamano na mizoga iliyoachwa. Msongamano hatuuwezi, mizoga tunaiweza.

Dalili zake: ndege mnene, chakula bado kiko goleni (mfuko wa chakula shingoni), ute unatoka puani, kifo cha ghafla. Walio hai huogelea wakizunguka au hukunja shingo kwa nyuma. Lakini msiamue kwa macho. Homa ya mafua ya ndege ya virusi vya H5N1, iliyofika kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Atlantiki, mwaka 2023 na bara la Antaktika Februari 2024, hutoa dalili zinazofanana sana, na sumu nayo huua ghafla. Mpaka maabara iseme, fanya kazi kana kwamba ni virusi.

Kabla ya kugusa chochote, piga simu kwa afisa mifugo wa kata. Kama ni visiwa vya Mbudya au Bongoyo, ambako ni maeneo tengefu ya bahari, waarifu kwanza watumishi wa hifadhi. Kisha vaa glavu jozi mbili, barakoa, miwani na mabuti ya mpira. Tembea wakati maji yamekupwa, kutoka ncha moja ya ufukwe hadi nyingine, ukiandika aina ya ndege, idadi ya wafu na wagonjwa, saa na mahali. Piga picha kichwa, mabawa na miguu. Ukiona pete mguuni, nakili namba yake yote. Mzoga uliokwisha kuhesabiwa na ambao hauwezi kuondolewa siku hiyo ufunge uzi mguuni, la sivyo kesho utahesabiwa tena. Usiwafukuze walio hai: mgonjwa aliyetimuliwa hupeleka ugonjwa ufukwe wa pili.

Kwa sampuli, chagua mizoga mitatu hadi mitano iliyo mibichi kabisa. Kila mmoja weka kwenye mifuko miwili mizito ya taka, funga kila mfuko peke yake, andika lebo, kisha weka kwenye deli lenye chupa za maji yaliyoganda. Barafu tupu huyeyuka na kulowesha kila kitu. Usigandishe mzoga kama utafika maabara ndani ya saa 48, maana kuganda huharibu nyama za ndani na mtaalamu hataona madoa madogo meupe ya kipindupindu kwenye ini. Usiupasue mwenyewe. Ukikuta mizoga yote imeoza, bado ipo njia: peleka bawa zima, kwa kuwa bakteria hudumu kwenye uboho wa mfupa. Maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) iko Temeke, Veterinari.

Mizoga mingine ichomwe au izikwe. Kosa la kawaida ni kuizika kwenye mchanga wa ufukweni. Maji ya bamvua huifukua, mbwa na kunguru wakamaliza kazi. Chimba juu kabisa ya mstari wa maji kujaa, mbali na visima, na udongo wa juu usipungue mita 1.

Mabuti yaoshwe kwanza kwa sabuni hadi matope yaishe, ndipo yaloweshwe dakika 10 kwenye Jik ya 3.5%, sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji. Uchafu huua nguvu ya klorini iliyo kwenye Jik, na mchanganyiko wa jana haufai leo.

Mwenye kuku au bata aoge na kubadili nguo kabla ya kuingia bandani. Wakianza kufa ghafla, usikimbilie kuwapa oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria: dawa iliyotangulia sampuli huzuia bakteria kuota maabara, na jibu likarudi tupu.