Kabla hujaingia operesheni ya kupunguza uzito ya matundu

Dadangu alipokuwa anajitayarisha, kila mtu hapa Likoni, Mombasa, alimwambia si kitu, ni vitundu vitano tu, keshokutwa uko nyumbani. Vidonda vya nje ni vidogo kweli, lakini kazi ya ndani ni kubwa, ile inayoitwa sliivu hukatwa karibu asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kipande hicho hakirudi tena, kwa hivyo maswali uulize kabla hujatia sahihi.

Muulize daktari amefanya ngapi za aina hiyo, na itakuwaje ikiwa damu imezidi ama makovu ya operesheni ya zamani yamemzuia kuona, manake hapo huenda akalazimika kukupasua ile ya kawaida. Mwambie dawa zote unazokunywa hadi za miti shamba. Za sukari hasa, kwa sababu baada ya operesheni sukari hushuka haraka na dozi ya zamani inaweza kukuangusha. Sigara na shisha uwache wiki kadhaa mapema. Na wengi hupewa chakula chepesi kama wiki mbili ili ini linywee, mahamri na mbaazi za nazi uziage mapema.

Usiku wa pili dadangu alishika bega akawa analia, mimi roho mkononi nikijua ni moyo. Kumbe ni ile gesi, tumbo hujazwa kabonidioksaidi ndio daktari aone, na inayobaki husumbua msuli wa kupumulia, maumivu yakasikika begani. Huisha siku chache, kutembea kunasaidia, na huko kutembea ndiko kunazuia damu isigande miguuni.

Cha kuogopa ni kuvuja pale waliposhona, na hutokea hata ukiwa umesharudi kwako. Moyo unaenda mbio umelala tu, zaidi ya 120 kwa dakika, homa, tumbo linazidi kuuma, pumzi fupi, usingoje kupambazuke. Mguu mmoja ukivimba ama kifua kikibana, vile vile. Sisi wa ng'ambo ya feri lazima tuwe tumeshapanga gari ya nani, nani atalala na mgonjwa, na namba ya usiku uijaribu kabla, uone kama kuna mtu anapokea. Yetu haikupokelewa. Ilikuwa siku ya sita, mpigo 128, tukakimbilia kasualti ya karibu, wakampima wakakuta ni maji yamemwishia mwilini, akatundikiwa dripu mbili. Alikuwa anaogopa kunywa kwa sababu kila akimeza kunabana. Nesi ndiye aliyemfundisha atumie kile kikombe kidogo cha kunywea kahawa tungu, anywe maji kidogo kidogo kutwa nzima, na toka siku ile hakukauka tena.

Vitamini ni za maisha, ziingize kwenye bajeti kabla. Ukitapika siku nyingi mfululizo rudi haraka, kukosa vitamini B1 huharibu ubongo. Mimba ngoja mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Na kama ulifanyiwa baipasi, ile aina nyingine ambayo mfuko wa chakula hufanywa mdogo ukaunganishwa na utumbo mbele zaidi, diklofenaki na brufeni si zako tena, huleta vidonda vya tumbo, kwa hivyo karatasi ya hospitali itembee nawe hadi duka la dawa na uionyeshe kabla hujauziwa chochote cha maumivu.